Chemshabongo ya majeraha: maneno yanatosha visanduku ila yanagombana kwenye makutano

penseli_butu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa chemshabongo ya visanduku 13 kwa 13. Mada yake ni kuumia na kuumizwa, na karibu nusu ya vidokezo vinahusu majeraha. Sehemu ya juu imekamilika. Kona ya katikati ndiyo imegoma: kila neno ninaloweka linatosha kwa idadi ya herufi, ila likifika kwenye makutano linagombana na jirani yake.

Haya ndiyo yaliyobaki. Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi, mstari ni kisanduku kitupu.

Mlalo 12: Walioletwa hospitali baada ya basi kupinduka (8). Nilikuwa na _ A _ E _ _ _ _, nikaweka MAJERAHA.

Mlalo 16: Alama ya mwiba kwenye ngozi (8). Nilikuwa na _ _ _ _ _ U _ O, nikaweka MCHUBUKO.

Mlalo 20: "Mwenye ____ usidhani kapoa" (4). Nina _ O _ _, nikafikiria HOMA.

Wima 3: Jeraha la kichwani (4). Nina _ G _ U. Hapa sina hata la kubahatisha.

Wima 8: Kijiti cha kufungia mfupa uliovunjika (5). Nilikuwa na _ _ N _ _, nikaweka GANGO. Herufi yake ya mwisho inaangukia herufi ya 8 ya mlalo 12, kwa hiyo O inagongana na A.

Wima 13: Hutoka jipu likitumbuka (5). Linaanzia kwenye herufi ya 6 ya mlalo 12 na linapita kwenye herufi ya 4 ya mlalo 16. Kwa maneno niliyoweka ninapata A _ U _ _, na neno la namna hiyo silioni.

Wima 15: Gusa tena palipo na kidonda (7). Nina _ O _ E _ _ _.

Wima 17: Kwaruza kwa kucha kama paka (6). Nina _ A _ U _ A.

Zaidi ya majibu, ningependa kuelewa namna ya kuamua pale maneno mawili yanapokuwa na herufi sawa kwa idadi na maana zinazokaribiana. Kwenye mada hii naona yamejaa.

---

mlalo_kwanza

Mkuu, usianzie mlalo 12. Anzia wima 13, maana kwenye kona hiyo ndicho kidokezo pekee chenye jibu moja tu. Jipu likitumbuka hutoka usaha. Damu nayo hutoka, lakini ina herufi nne. Futa ulichoandika kwenye kona nzima, kisha andika USAHA.

Sasa tazama. U ya kwanza imekaa kwenye herufi ya 6 ya mlalo 12, pale ulipoweka A. A ya tatu imekaa kwenye herufi ya 4 ya mlalo 16, pale ulipoweka U. Maneno yako mawili yameanguka kwa mpigo mmoja, na kila moja lina pacha wake anayesubiri nafasi.

Pacha wa kwanza:

M A J E R A H A
M A J E R U H I

Herufi sita kati ya nane ni zile zile. Zinatofautiana ya 6 na ya 8 tu, na hapo ndipo wima 13 na wima 8 zinapokatiza. Mtunzi amefanya kwa makusudi, na amefanya vizuri. A ya pili na E ya nne ulizokuwa nazo hazikukusaidia kitu, kwa sababu maneno yote mawili yanazo.

Hata bila makutano, kidokezo chenyewe kilikuambia. "Walioletwa" ni wa-, yaani watu. Majeraha hayaletwi hospitali kwa wa-; yangekuwa "yaliyo-". Kwa hiyo ni MAJERUHI, mtu au watu walioumizwa. Neno hilo halibadiliki umoja na wingi: majeruhi amelazwa, majeruhi wamelazwa. Kinachowachanganya wengi ni lugha ya habari za mpira, ambako mchezaji husemwa "anasumbuliwa na majeruhi". Mchezaji ndiye majeruhi. Kinachomsumbua ni jeraha. Ukiizoea lugha ile, mkono unaandika neno moja badala ya jingine bila wewe kushtuka.

I ya mwisho ya MAJERUHI sasa ndiyo mwisho wa wima 8. GANGO inaisha na O, inatoka. Inaingia BANZI. Hapa napo N yako ya tatu ilikuwa haina msaada, maana gango na banzi zote zina A ya pili na N ya tatu.

Pacha wa mlalo 16:

M C H U B U K O
M K W A R U Z O

Hapa herufi zinazofanana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 8. Bahati mbaya ulizokuwa nazo ni hiyo ya 6 na ya 8. A iliyoshuka na USAHA imeangukia herufi ya 4 na kumaliza ubishi: MKWARUZO.

Yaliyobaki ni mepesi zaidi.

Wima 3 ni NGEU. Ni jeraha la kichwani, hasa la kupigwa na kitu kama rungu au jiwe damu ikatoka. Mtu humtoa mwenzake ngeu. Wengi wanalijua neno hili kwa maana yake nyingine, ile rangi nyekundu ambayo seremala hupigia mstari juu ya mbao, na ndiyo sababu halikuji kichwani ukisoma "jeraha".

Mlalo 20 ni KOVU. Methali ni "Mwenye kovu usidhani kapoa". Usiijaze kwa kufuata neno "kapoa" peke yake, likakupeleka kwenye homa. Kidokezo cha methali ama unaikumbuka methali, ama unasubiri herufi.

Wima 15 ni TONESHA. Kutonesha ni kugusa au kugonga pale penye kidonda maumivu yakarudi. Ndiyo maana mtu akikumbushwa msiba wake husemwa ametoneshwa donda.

Wima 17 ngoja kwanza. Jaza haya, kisha tuone kama kuna herufi mpya inayoingia pale.

---

zamu_ya_usiku

Majibu ya mlalo_kwanza yako sawa. Naongeza upande wa maana, kwa sababu watunzi wengi huchanganya maneno ya majeraha na wajazaji wanakwama bila kosa lao.

Mchubuko ni ngozi ya juu kutoka kwa kusuguka au kugongwa: umeanguka kwenye changarawe, goti limechubuka, eneo lote linawasha na linatoa majimaji. Mkwaruzo ni mstari: mwiba, kucha, ncha ya waya. Kidokezo kikisema mwiba au kucha, anza na mkwaruzo. Kikisema lami, changarawe au kamba, anza na mchubuko. Mkato ni wa kitu chenye makali kama wembe au kisu. Mkato mdogo wa makusudi wa mganga ni CHALE (5) au MTAI (4), na hayo mawili hukaa vizuri sana kwenye visanduku vifupi.

Jeraha na kidonda si kitu kimoja. Jeraha linatokana na tukio: umekatwa, umepigwa, umeanguka. Kidonda ni pale palipo wazi panapouma au kutoa usaha, hata kama hakuna aliyekupiga. Vidonda vya tumbo havikuanza na jeraha. Mtunzi akiandika "Jeraha la tumboni kwa sababu ya asidi" akitaka VIDONDA, amempotosha mjazaji. Na hapa pana mtego mwingine wa herufi: KIDONDA, VIDONDA na MADONDA yote yana saba, na herufi tano za mwisho ni DONDA kwa yote. Ukipata D-O-N-D-A bado hujui kama ni umoja, wingi au ukubwa. Kinachoamua ni kidokezo: kimeandikwa kwa umoja au kwa wingi?

Damu ikikusanyika chini ya ngozi baada ya kugongwa, pakawa peusi bila ngozi kupasuka, imevilia. VILIA ni kitenzi, na alama yenyewe ni VILIO la damu. Hilo la pili napenda likitumiwa vizuri, maana vilio pia ni wingi wa kilio. Kidokezo kama "Husikika msibani, pia huonekana aliyegongwa" (5) kina njia mbili za kufikia jibu moja.

LENGELENGE (10) ni ile ngozi inayovimba na kujaa maji kwa moto au kwa kiatu kinachobana. Ukipata LENGE moja umepata zote mbili. KIGAGA (6) ni ganda linalokauka juu ya kidonda kinachopona. Kidonda kisichopona, kinachokula nyama na kuenea, ni DONDA NDUGU, na kwa kuwa ni maneno mawili mtunzi aandike (5, 5), siyo (10). Akiandika (10) watu wataandika LENGELENGE halafu wataharibu nusu ya jedwali.

Kuhusu banzi na gango: banzi ndilo linalofungwa kwenye mfupa uliovunjika. Ni kipande kilichonyooka, na kwenye huduma ya kwanza kinatakiwa kiwe kirefu kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mvunjiko, la sivyo mfupa unaendelea kucheza. Gango ni neno pana, kitu chochote cha kuungia au kushikilia kilichopasuka, hata mtungi. Kidokezo kikitaja mfupa, banzi ni jibu la karibu zaidi. GANGO si kosa la aibu, ni jibu la pili.

Mwisho, mguu ukiteguka mfupa haujavunjika. Kano au kiungo ndicho kilichoumia. TEGUKA (6) isipewe kidokezo cha "Vunjika mguu".

---

penseli_butu

Ahsanteni sana. USAHA ilifungua kona nzima, na kila kitu sasa kinakubaliana isipokuwa wima 17. Pale hakuna herufi mpya: zinazokatizwa ni ya 2, ya 4 na ya 6, na zote nilikuwa nazo. Nimeorodhesha yanayokaa kwenye _ A _ U _ A na yana uhusiano na kuumia:

PARURA, PAPURA, PASUKA, BABUKA.

Pasuka na babuka nayaondoa kwa maana. Kati ya parura na papura sina la kuamua.

Jambo jingine: nataka kutunga chemshabongo ya mada hii hii kwa ajili ya gazeti la ukutani la shule, darasa la sita na la saba. Ukubwa huo huo, 13 kwa 13. Kuna mtu anaweza kunielekeza jinsi ya kupanga jedwali ili wanafunzi wasikwame kama hivi?

---

fundi_visanduku

Hicho ulichokiona kwenye wima 17 ndicho kiini cha utunzi wote wa Kiswahili, kwa hiyo naanza hapo.

Neno la kawaida la Kiswahili linakwenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Jedwali la kawaida nalo linakatiza kila kisanduku cha pili. Vikikutana hivyo viwili, makutano ya neno zima yanaweza kuangukia irabu tupu. Ndiyo maana una A, U, A na bado hujui kitu. Irabu ni tano tu, na maneno yenye A-U-A ni mengi mno.

Lisogeze neno hilo hilo kisanduku kimoja, makutano yaangukie herufi ya 1, ya 3 na ya 5:

P _ R _ R _ ni parura
P _ P _ R _ ni papura
P _ S _ K _ ni pasuka
B _ B _ K _ ni babuka

Yote manne yametengana, na hukubadilisha hata kidokezo.

Kwenye jedwali hii inaamuliwa mapema kabisa, unapochagua safu za maneno. Ukipanga maneno ya mlalo kwenye safu mlalo za 1, 3, 5 hadi 13, na ya wima kwenye safu wima za 1, 3, 5 hadi 13, neno linaloanzia ukingoni hukatizwa herufi ya 1, 3, 5. Ukipanga kwenye safu za 2, 4, 6 hadi 12, neno la ukingoni hukatizwa herufi ya 2, 4, 6, yaani irabu. Kwa Kiswahili chukua mpango wa kwanza.

Sasa uangalifu. Kanuni hiyo inageuka kwa maneno yenye asili ya Kiarabu. Mzizi wa Kiarabu unashikilia konsonanti na kubadilisha irabu: j-r-h imo kwenye jeraha, jeruhi, majeraha na majeruhi. Ukikatiza JERAHA na JERUHI kwenye herufi ya 1, 3, 5 unapata J _ R _ H _ kwa yote mawili, na mjazaji hana pa kushika. Hapo unahitaji ya 4 au ya 6. Ni hivyo hivyo kwa safari na safiri, ratiba na ratibu. Kwa hiyo kabla ya kuliweka neno, jiulize pacha wake ni nani na wanatofautiana herufi ya ngapi. Herufi hiyo lazima ikatizwe. Mtunzi wa jedwali lako alifanya hivyo kwa MAJERUHI, kwenye PARURA akasahau.

Tatizo la pili ni ukingo wa kulia na wa chini. Maneno yetu karibu yote yanaisha na irabu. Kila neno la mlalo linalofika safu wima ya 13 linaacha irabu pale, na ukitaka neno la wima kwenye safu hiyo lazima lizikubali irabu hizo. Likianzia kwenye safu yenye neno la mlalo, linahitaji irabu kwenye herufi ya 1, 3 na 5: USAHA inakaa, UMIZA inakaa. Likianzia safu moja juu yake, linahitaji irabu kwenye ya 2, 4 na 6: KOVU inakaa, JERAHA inakaa. KIDONDA haikai popote pale, kwa sababu ND imeweka konsonanti mbili mfululizo na kuvuruga mpangilio. Maneno yenye mb, nd, ng, nj na mw, kw, ch, sh yaweke ndani ya jedwali, mbali na ukingo wa kulia na wa chini. Hii ndiyo sababu ukichukua jedwali tupu la gazeti la Uingereza, lile la 15 kwa 15, na kujaribu kulijaza kwa Kiswahili, unakwama upande wa kulia. Limepangwa kwa lugha ambayo maneno yake yanaisha na konsonanti bila shida.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Kwenye karatasi ya hesabu, chora 13 kwa 13 kwa penseli. Chagua maneno ya mada saba au nane, usizidishe. Ukizidisha, nafasi zinazobaki zitakulazimisha kutumia maneno ambayo mtoto wa darasa la sita hajawahi kuyasikia. Weka marefu kwanza. LENGELENGE ianze safu ya juu au ya katikati, kisha MAJERUHI na MKWARUZO, halafu KIDONDA na TONESHA, mwisho mafupi kama KOVU na CHALE. Jazia kwa maneno ya kawaida yasiyo ya mada. Kisha ndipo utie weusi na namba, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kushuka. Ukiweka namba mapema utazifuta mara nne.

Vidokezo viandike mwisho, na kila kimoja ukipime kwa swali moja: kuna neno jingine lenye herufi hizi linalojibu kidokezo hiki? Kwa wanafunzi, neno kama NGEU liwekee makutano kwenye N na E, na lipe kidokezo chenye njia mbili: "Jeraha la kichwani, pia rangi ya seremala". Anayejua maana moja ataipata.

---

kamusi_mezani

Nyongeza fupi kwa penseli_butu, mambo yanayoharibu jedwali zuri.

Amua mapema CH, SH, NY na NG' zinachukua visanduku vingapi, na uandike juu ya jedwali. Kawaida kila herufi ina kisanduku chake na kibainishi cha ng' hakina. Kwa hesabu hiyo MCHUBUKO ni 8 na NG'ATWA ni 6. Ukiamua CH ni kisanduku kimoja, MCHUBUKO inakuwa 7 na haiwezi tena kuwa pacha wa MKWARUZO. Usichanganye mitindo miwili ndani ya jedwali moja.

Kwa madarasa ya chini kuna njia ya silabi: kila kisanduku silabi moja. KI-DO-NDA ni visanduku vitatu, MA-JE-RU-HI vinne, M-CHU-BU-KO vinne. Inaondoa kabisa tatizo la irabu tupu, ila makutano ni machache na jedwali linakuwa dogo. Kwa darasa la sita na la saba, herufi ni sawa.

Umbo la kidokezo lifanane na umbo la jibu. "Pata maumivu" ni UMIA (4). "Kupata maumivu" ni KUUMIA (6). "Alipata maumivu" ni ALIUMIA (7). "Tia maumivu" ni UMIZA (5), "Tiwa maumivu" ni UMIZWA (6). Ukitaja aliyefanya, "Tiwa jeraha na adui", unataka kauli ya kutendwa, JERUHIWA (8). Hapo hapo angalia, maana JERUHIWA ina herufi nane kama majeruhi na majeraha, na mjazaji mwenye haraka ataanza na M.

Tahajia zenye sura mbili: bendeji na bandeji, zote herufi saba, zinatofautiana ya pili. Kama lazima ulitumie, herufi ya pili isikatizwe. Hapa ni kinyume cha ushauri wa fundi kuhusu mapacha: kwa mapacha unataka kuwatenganisha, kwa tahajia mbili za neno moja hutaki kumwadhibu mtu.

Methali zenye matoleo mengi ziache. "Aliyeumwa na nyoka akiona ____ hushtuka": wengine husema jani, wengine unyasi, wengine ung'ongo. "Heri kujikwaa ____ kuliko kujikwaa ulimi": dole, guu, kidole. Mtoto ataweka aliyofundishwa nyumbani, na atakuwa sahihi. Ya kovu haina shida hiyo, neno lenyewe halibadiliki.

Wima 17 ni PARURA. Kupapura kuna nguvu zaidi, ni kukwaruza hadi kurarua, na mara nyingi neno hilo hutumika kwa wanaogombana: wamepapurana. Paka kwa kawaida humparura mtu.

---

mlalo_kwanza

Nakubaliana na PARURA kwa maana ya kila siku, lakini kamusi_mezani, ukiandika PAPURA kwenye chemshabongo ile hakuna anayeweza kukuambia umekosea. Paka mkali anapapura pia. Kidokezo kilikuwa kinabeba yote mawili na makutano hayakuchagua. Lawama hiyo ni ya mtunzi. Andika PARURA kwa penseli, mkuu, usubiri majibu yakichapishwa.

---

penseli_butu

Nimeiacha kwa penseli.

Jedwali la shule nimelianza upya kwenye safu za 1, 3, 5. LENGELENGE iko safu mlalo ya 7, kutoka safu wima ya 1 hadi ya 10. Kwa hiyo herufi zinazokatizwa ni L, N, E, E, G. USAHA imekaa safu wima ya 13 kuanzia safu mlalo ya 9 hadi ya 13, na maneno ya mlalo ya safu ya 9, 11 na 13 yanaisha na U, A, A. Ya 9 nimeweka MKWAJU, ya 11 KIGAGA, ya 13 bado natafuta. BENDEJI nimeitoa, sikupata pa kuificha ile E ya pili.

PARURA nimeipa nafasi inayokatizwa kwenye P, R na R, na kidokezo ni "Kwaruza kwa kucha" (6). Kwa MAJERUHI bado nahangaika: kwenye mpango huu ikianzia ukingoni inakatizwa M, J, R, H, ambayo ni sawa na majeraha.

---

fundi_visanduku

Usiianzishe ukingoni. Kwenye safu mlalo yake tia weusi safu wima ya 1, neno lianzie safu wima ya 2 na kuishia ya 9. Makutano yataangukia herufi ya 2, 4, 6 na 8, yaani A, E, U, I, na hizo mbili za mwisho ndizo unazozitaka. Weka weusi safu wima ya 10 kulifunga. Kisha angalia safu wima ya 1 kwamba ule weusi haujakata neno la wima katikati. Kama umelikata, sogeza MAJERUHI safu mlalo mbili juu au chini.

Safu ya 13 ni ukingo wa chini, kwa hiyo inataka irabu kwenye safu wima za 1, 3, 5 na kuendelea. Jaribu UMIZA halafu neno lingine linaloishia A baada ya weusi. Visanduku vinatosha: UMIZA ichukue 1 hadi 5, weusi wa 6, kisha neno la herufi saba kutoka 7 hadi 13. ONEKANA ina herufi saba, inaisha na A, na irabu zake zinaangukia safu wima za 7, 9, 11 na 13.